Koti la Viroba: Vazi, Picha ya Kiajabu na Habari za Nchi



Nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, yaani TP, nilipangiwa sekondari moja ya kata upande wa milima ya Uluguru. Somo Historia, darasa Kidato cha Tatu, mada harakati za kudai uhuru. Wiki ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa mimi: naandika ubaoni, wananakili, kengele inalia. Siku ya Ijumaa nikauliza, "Mwaka 1955 hapa Uluguru kulitokea nini?" Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akajaribu: "Madam, Vita vya Majimaji?"

Jamani, Matombo haiko mbali na ile shule. Wengine ndiko kwa bibi zao. Nikajiambia tatizo si watoto, tatizo ni mimi na chaki yangu. Makala hii ni habari ya njia nyingine niliyoijaribu, walionitangulia kuitumia, na kosa nililolifanya katikati. Kama unasoma ualimu, au una simu yenye kamera na hasira kidogo na mambo ya nchi, isome mpaka mwisho.

Tunazungumzia nini hasa

Mgogoro wa kisiasa unaweza kupigwa picha kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mwandishi wa habari: anakwenda pale pale na kupiga kilichotokea. Boniface Mwangi wa Kenya alifanya hivyo katika vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100. Baadaye picha zile zilizungushwa mitaani katika maonyesho ya Picha Mtaani, ili wananchi waone walichofanyiana.

Njia ya pili ni ya kutunga. Mpiga picha haendi kwenye tukio, au tukio lilishapita, au haliwezi kuonekana kwa macho. Utampigaje picha mfumuko wa bei? Utaipigaje hofu? Basi anashona vazi, anapaka mtu rangi, anamsimamisha mahali pasipotarajiwa, na picha inatoka kama ndoto. Unaitazama na kujua kwamba jambo hilo halikutokea hivyo, lakini moyoni unakiri kwamba ndivyo lilivyo. Wale wa Kiswahili mnakijua kitu hiki kwa jina la uhalisiamazingaombwe, kwenye Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi. Hapa kinafanywa kwa nguo na kamera badala ya kalamu.

Aida Muluneh: uso wa rangi na njaa

Mfano mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, kwa maoni yangu, ni Aida Muluneh wa Ethiopia. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1974, akakulia nchi za watu, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, na kufanya kazi ya picha za habari katika gazeti la Washington Post. Mwaka 2007 akarudi nyumbani, na mwaka 2010 akaanzisha tamasha la picha la Addis Foto Fest.

Angalia safari yake: alianza kwenye habari, njia ile ya kwanza, kisha akahamia kwenye kutunga. Katika picha zake wanawake wamepakwa rangi usoni, nyeupe au buluu, wamevaa magauni ya rangi zinazopiga kelele: nyekundu, njano, buluu. Wanasimama kama sanamu. Hawatabasamu wala hawalii.

Mwaka 2018 alipiga mfululizo wa Water Life kwa ajili ya shirika la WaterAid. Alikwenda Dallol, katika jangwa la chumvi la Afar, moja ya sehemu zenye joto kali kuliko zote duniani, akawasimamisha wanawake wake waliovalia rasmi wakibeba vyombo vya maji mahali ambapo maji hakuna. Shida ya maji Afrika tumeipigia picha mpaka tumeizoea: mtoto, ndoo ya njano, vumbi. Jicho linapita tu. Aida alilisimamisha jicho kwa kumvisha mbeba maji kama malkia. Unajiuliza huyu ni nani, anafanya nini huku, na ukishauliza tu umenaswa.

Sasa siasa. Mwaka 2019 Waziri Mkuu Abiy Ahmed alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, na Aida alishiriki kuandaa maonyesho ya tuzo hiyo mjini Oslo. Mwaka uliofuata tuzo ikaenda kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, naye akapewa kazi ya kutengeneza picha kuhusu njaa inavyotumiwa kama silaha ya vita. Novemba mwaka huo huo, 2020, vita vikalipuka Tigray, nchini kwake mwenyewe, vikaendelea mpaka mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022. Ndani ya muda huo, mwaka 2022, picha zake nyingine zilibandikwa kwenye vituo vya mabasi New York, Chicago, Boston na Abidjan. Jina la mfululizo ule lilitoka kwenye shairi la mwaka 1974 la Tsegaye Gabre-Medhin, na 1974 ndio mwaka Mfalme Haile Selassie alipopinduliwa. Mtu anasubiri basi, anaona mwanamke wa buluu anamtazama. Hakuna aliyemwambia nani mbaya na nani mzuri. Ameachiwa swali aondoke nalo.

Sammy Baloji: wafu wanarudi kazini

Mfano wa pili unatoka Lubumbashi, mji wa Kiswahili kama wetu ingawa Kiswahili chao kina ladha yake. Sammy Baloji alizaliwa huko mwaka 1978. Katanga iliishi kwa shaba: kwanza kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha shirika la taifa la Gécamines baada ya kutaifishwa. Gécamines ilipoporomoka miaka ya 1990, mji mzima ulibaki unatazama mitambo iliyoota kutu.

Katika mfululizo wake wa Mémoire, wa mwaka 2006, Baloji alipiga picha magofu hayo, kisha akachukua picha za kale za ukoloni, akawakata watu waliomo na kuwapandikiza ndani ya magofu. Kwa hiyo unaona kiwanda kilichokufa juzi, na mbele yake wamesimama vibarua wa enzi za Wabelgiji, wengine wamefungwa minyororo, au mabwana wakubwa na suti zao nyeupe. Hapo vazi ndilo linalotaja mwaka. Bila zile suti na zile minyororo usingejua kwamba nyakati mbili zimegongana.

Picha haisemi "ukoloni ulikuwa mzuri, tazameni sasa hivi." Wala haisemi kwamba kila kosa ni la mkoloni. Inawasimamisha wote pale pale, wa jana na wa leo, na kuuliza nani alikula nini. Halafu kituo cha sanaa alichoshiriki kukianzisha kule Lubumbashi kinaitwa Picha. Kwa Kiswahili kabisa.

Na sisi je?

Usidhani mambo haya yametoka mbali. Waswahili tulikuwa tunavaa siasa kabla kamera hazijazagaa. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea Tanganyika nzima baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilikuwa na makundi kama Marini na Arinoti. Wachezaji walivaa sare za kijeshi za Kizungu, wakapeana vyeo vya kizungu, wakatembea kwa gwaride. Wapo walioona ni kuiga tu. Lakini mtu aliyeamriwa kutwa nzima na ofisa, jioni akavaa sare ya ofisa yule na kucheza, anasema jambo.

Serikali nazo zinajua nguvu ya nguo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vipigwe marufuku Dar es Salaam. Kama nguo ingekuwa nguo tu, nani angehangaika na upana wa suruali ya mtu?

Kisha kuna Kaptula la Marx, tamthilia ya Kezilahabi iliyoandikwa miaka ya 1970 na kuchapishwa mwaka 1999. Viongozi wako safarini kuelekea nchi ya Usawa, na rais amevaa kaptula la Karl Marx ambalo halimkai. Vazi moja tu linalopwaya, nawe umeshaelewa mjadala mzima wa nadharia iliyoletwa bila kupimwa kwenye mwili wa nchi. Huhitaji kurasa mia mbili za uchumi. Nikiwa kitandani hosteli nikasoma upya tamthilia ile, ndipo wazo la koti likanijia.

Matombo, 1955

Habari yenyewe kwa kifupi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unamomonyoka, na maji ya Ruvu yanayoteremka kutoka milimani yanachafuka. Ikaja na mpango wa matumizi ya ardhi: wananchi wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko. Ilikuwa lazima, na asiyechimba alitozwa faini. Kazi ikawaangukia zaidi wanawake, katika jamii ambayo ardhi inafuata ukoo wa mama. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi tabaka la udongo mzuri ni jembamba. Ukichimba ngazi, ule wa rutuba unafukiwa na ule mfu unabaki juu. Watu wakachimba, wakavuna kidogo kuliko zamani.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga. Polisi wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa, na TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu izaliwe, ikapata masikio mengi zaidi milimani.

Koti lenyewe

Darasa liligawanyika makundi matatu: washonaji, waigizaji, wapigaji. Tulinunua viroba vitupu 14 vya sembe kwa shilingi 500 kimoja, uzi na sindano shilingi 1,500, na kofia ya pama ya mtumba shilingi 3,000. Jumla shilingi 11,500, bumu langu likakohoa kidogo.

Tukashona koti la bwana shamba. Juu lilikuwa koti la kawaida, lenye kola na vifungo vya visoda. Kuanzia kiunoni liliendelea na kuendelea, likateremka mlimani mita kama kumi, tukalikunja ngazi kwa ngazi na kuzikalia kingo zake kwa mawe. Kijana mrefu kuliko wote akasimama juu ya meza na kofia yake, uso umepakwa unga. Chini, wasichana wanne wenye kanga viunoni walikuwa wameinama na majembe, wanalima koti. Ndiyo, wanalima nguo ya mkubwa, na nguo haioti kitu.

Tulipiga saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, ukungu ukiwa bado umekaa mgongoni mwa mlima. Kwa simu ya kawaida. Naapa picha ile ilikuwa nzuri.

Lakini mimi sikutosheka. Nikataka na maiti. Nikamlaza kijana mmoja kando ya njia, nikammwagia rangi nyekundu shatini, nikamwambia asipumue.

Bibi aliyetua mzigo

Akapita bibi mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Alipomwona yule kijana alisimama, akatua mzigo.

"Nani kafa?"

"Shikamoo bibi. Hajafa mtu, tunaigiza tu," nikasema.

"Marahaba. Mnaigiza nini, wajukuu zangu?"

Nikamweleza. Alikaa juu ya jiwe muda mrefu bila kusema. Kisha akatuambia kwamba wakati wa matuta alikuwa mtoto wa kubeba maji, na mama yake alikuwa mchimbaji. "Mahindi yalitoka ya njano," akasema. "Mama aliyatazama akasema udongo umegeuzwa mgongo." Akanyoosha kidole kwa yule kijana aliyelala. "Huyo mnayemlaza hapo alikuwa na watu wake. Wengine wapo mpaka leo. Mliwauliza?"

Hatukuwauliza. Sikuwa hata nimefikiria kuwauliza. Nilikuwa na hamu ya damu kwenye picha yangu, basi.

Kijana akainuka, akajifuta. Msichana mmoja wa kundi la washonaji, yule asiyeongea darasani, akavua kandambili zake akaziweka pale pale alipolala mwenzake. Jozi moja tu, njiani, zimeelekea juu kwenye koti. Tukapiga upya. Kila niliyemwonyesha picha ile ya pili aliuliza swali lile lile: mwenye kandambili yuko wapi? Picha ya damu haikuulizwa swali lolote, nami niliifuta siku ile ile.

Wiki iliyofuata darasa zima lilijua 1955 ni nini. Zaidi ya hapo, walibishana. Mmoja alisema bwana shamba alikuwa mkatili. Mwingine akasema, "Lakini udongo ulikuwa unaondoka kweli, na leo bado unaondoka. Kosa lake lilikuwa kutowauliza wenye shamba." Nikakumbuka jiwe alilokalia bibi, nikanyamaza.

Kwa nini kwa mafumbo?

Kuna anayesema sanaa ya namna hii ni woga: sema wazi. Nami najibu, hali ya kila msanii si sawa. Tukumbuke yaliyotokea mkoani kwetu: Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa huku Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na akaachiwa baada ya Rais mwenyewe kuagiza aachiwe. Fumbo linampa msanii nafasi ya kupumua. Ila faida yake kubwa kwangu ni nyingine. Maneno ya wazi yanakuja yakiwa yameshachagua upande, nawe unakubali au unakataa kabla hujafikiri. Vazi la ajabu linakuchelewesha.

Hasara zipo. Fumbo likizidi linakuwa mapambo, mtu anasema "picha kali" na kuendelea na safari. Pia kuna hatari ya kutunga historia mpaka ikaonekana ya kweli. Osborne Macharia wa Kenya alitengeneza picha za kupendeza za mafundi miwani wa kubuni waliowahudumia wapiganaji wa Mau Mau. Yeye anasema wazi kwamba ni ubunifu. Lakini picha ikishatoka mikononi mwako na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, maelezo yanabaki nyuma. Kwa hiyo andika kwenye picha yenyewe: HII IMETUNGWA.

Hatua za kufuata

Kwanza, chagua mgogoro mmoja na sentensi moja. Sentensi yetu ilikuwa: "Wanawake walilima amri ya mtu mwingine." Ukishindwa kuisema kwa pumzi moja, picha itakushinda pia.

Pili, tafuta vazi ambalo sentensi hiyo inaweza kukaa ndani yake. Jiulize limekosea wapi: refu mno, zito mno, la mtu mwingine? Kosa la vazi ndilo hoja yako. Malighafi iwe ya pale pale. Viroba vyetu vilibeba sembe, na habari yetu ilikuwa ya chakula.

Tatu, chagua mahali panapobishana na vazi, kama Aida na jangwa lake.

Nne, uliza wenye habari kabla ya kupiga. Hatua hii mimi niliirukia, wewe usiirukie.

Tano, punguza. Toa kitu kimoja kwenye picha uone kama inapata nguvu. Damu ilipotoka, kandambili zikasema.

Sita, linda walio kwenye picha. Wanafunzi wangu walikuwa chini ya miaka 18. Mwalimu mmoja pale shuleni aliogopa kwamba ni siasa na kuniomba nisirushe mtandaoni. Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona kwamba kwa upande wa sura za watoto alikuwa na haki. Picha ilibandikwa ukutani darasani wiki mbili, ikatosha. Ndiyo maana hamuioni hapa leo, mnaisoma tu.

Zoezi

Wale wa Mazimbu mna makaburi na majengo ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, waliojenga shule yao pale miaka ya 1970. Wale wa mjini mna soko, reli na stendi ya Msamvu. Chagueni mgogoro mmoja, wa zamani au wa leo: bei, ajira za walimu, maji, uchaguzi. Andika sentensi yako moja. Chora vazi. Kisha, kabla hujanunua hata sindano, nenda kamtafute mtu mmoja aliyeyaishi mambo hayo, umwamkie, umwonyeshe mchoro, umuulize amekosea wapi mshonaji.

Mimi koti bado ninalo. Limekunjwa chini ya kitanda changu hosteli, mita kumi za viroba, na wenzangu chumbani wananidai nilitoe. Kandambili nilizirudisha kwa mwenyewe siku ile ile. Alikuwa na jozi moja tu.